Mkoromo wa Nguzo ya Kushoto

Mzee Sleyum bin Himyar, mwenye duka Maramba, alikuwa na mapenzi matatu duniani: dini yake, mkewe na duka lake. Mwenyewe alisema yamepangwa kwa utaratibu huo huo, na hakuna aliyembishia, ingawa wateja waliowahi kumkuta anamalizia kupima sukari huku muadhini naye anamalizia adhana waliona kwamba utaratibu ule ulihitaji dakika mbili tatu kujipanga.

Duka lenyewe lilikuwa kubwa kwa kipimo cha Maramba. Ukiingia ulipokewa kwanza na harufu ya mafuta ya taa, kisha ya papa mkavu, kisha ya sabuni ya mche, na mwisho ya Mzee Sleyum mwenyewe, ambaye kila Ijumaa alijipaka mafuta ya mawaridi mpaka nzi wa dukani wakahamia kwa fundi wa baiskeli. Palikuwa na majembe, kanga, chumvi ya mawe, na bati la biskuti lenye picha ya Malkia siku alipotawazwa mwaka uliotangulia. Biskuti zilikwisha siku ile ile bati lilipofika, kwa jitihada za Harusi, binti wa pekee wa nyumba hiyo, mwenye miaka kumi na mitano na meno mazima, na bati sasa lilitunza miswaki. Babu yake Mzee Sleyum mzaa baba alikuja kutoka Omani na jambia moja tu kiunoni. Jambia likapotea, duka likabaki, na ukoo mzima uliona kuwa hasara haikuwa kubwa.

Ijumaa duka lilifungwa saa tano. Mzee Sleyum alikoga, akavaa kanzu iliyopigwa pasi na Bi Shamsiya, mkewe, akaenda kukaa safu ya kwanza chini ya nguzo ya kushoto. Nguzo ile ilikuwa kama mali yake kwa sababu mbili: yeye ndiye aliyetoa saruji ya kuijengea, na hapakuwa na mgongo mwingine kijijini ulioingia pale sawasawa. Akishaegemea, alifumba macho, ili maneno ya khutba, kama alivyoeleza, yaingie moyoni bila kusumbuliwa na vitu vinavyoonekana.

Yaliyotokea baada ya hapo Maramba nzima iliyajua isipokuwa yeye. Kwanza ilisikika pumzi moja ndefu, ya mtu aliyeridhika. Kisha ukaja mluzi mwembamba. Kisha, baada ya kimya kifupi ambacho mgeni angeweza kukidhania kuwa ndio mwisho, ukafunguka mkoromo wenyewe, mpana, wa heshima, kama msumeno unaokata gogo la mvule. Kwa miaka kumi na moja Mwalimu Uweso, khatibu wa msikiti, alisoma khutba ile ile ya Kiarabu kutoka kitabu kile kile, na kwa miaka kumi na moja mkoromo uliingia mahali pale pale, katikati ya ukurasa wa pili, kana kwamba umeandikwa humo. Watu walinyamaza. Kusema wakati wa khutba ni makosa, na baada ya khutba palikuwa na kahawa na vitumbua vya bure barazani kwa Mzee Sleyum, na kinywa chenye kitumbua cha mtu hakina nafasi ya kumsema.

Ijumaa ya kisa hiki ilikuwa na jambo geni. Mchwa walikuwa wamekila kitabu cha Mwalimu Uweso, jalada na yote. Mwalimu alikuwa ameagiza kingine, akakesha nacho siku nne, na siku hiyo kwa mara ya kwanza alisoma khutba mpya, na kabla ya kukimu sala akaifafanua kwa Kiswahili. Watu walikaa wima. Wazee waliokuwa na mazoea ya kuhesabu mapau ya dari walisahau mapau. Mkoromo uliingia mahali pake kama kawaida.

Baada ya sala, wanne walikaa barazani: Mzee Sleyum, Mwalimu Uweso, Idarusi, ambaye alikuwa fundi cherehani wa hapo hapo kwenye baraza ya duka na mgane wa miaka mitatu, na Safari, Mbondei mwenye shamba la machungwa, mtu asiyejua kulizunguka jambo hata akionyeshwa njia.

"Khutba ya leo nzuri," alisema Idarusi akipuliza kahawa yake. "Ila yule mpasua mbao angetungoja tumalize."

"Mpasua mbao gani?" aliuliza Mzee Sleyum.

"Wewe hukusikia?"

"Sikusikia mbao. Nilisikia khutba."

"Utausikiaje msumeno, mghosi," alisema Safari, akimwita bwana kwa Kibondei, "na msumeno ni wewe."

Mzee Sleyum akaweka kikombe chini. Aliwatazama mmoja mmoja, akakuta nyuso tatu zinatazama kahawa.

"Mimi? Nilale? Msikitini?"

"Usingizi si dhambi, Sleyum," alisema Idarusi kwa upole uliokuwa mbaya kuliko tusi. "Hata watoto wachanga hulala. Tunawapenda vivyo hivyo."

Sasa, Mzee Sleyum alikuwa mtu wa biashara, na wafanyabiashara wa pwani ya wakati ule walikuwa na ugonjwa mmoja. Wakitaka kuaminiwa juu ya kanga kwamba haichuji, au juu ya mchele kwamba hauna mawe, walimwapia mke, kwamba ikiwa si kweli ameachika. Mzee Sleyum hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja, kwa sababu alimpenda mke wake na kwa sababu kanga nyingine zilichuja. Lakini kanga ni kanga, na hapa ilikuwa heshima yake mbele ya Mungu. Akasimama.

"Sikilizeni nyote. Ikiwa mimi leo nimelala msikitini, hata lepe moja la usingizi, basi Shamsiya si mke wangu. Talaka tatu."

Mwalimu Uweso alipaliwa na kahawa.

"Sleyum," alisema Safari taratibu, "yaani leo, baada ya ile khutba ya..."

"Tatu," alikariri Mzee Sleyum, ili pasibaki shaka, na mkono wake ukamnyamazisha Safari.

Nyuma ya pazia la mlango wa ndani, sinia la vitumbua liliwekwa sakafuni. Halikuangushwa. Liliwekwa, pole pole, na watu wa barazani walisema baadaye kwamba heri lingeangushwa.

"Harusi," sauti ya Bi Shamsiya ilisikika.

"Labeka, mama."

"Mwambie yule bwana aliye barazani vitumbua viko hapa mlangoni, avichukue mwenyewe. Mimi siwezi kusogea. Pana wanaume wasio maharimu zangu."

"Wote, mama?"

"Wote wanne."

Mzee Sleyum alicheka peke yake, kicheko kifupi, akaenda kuchukua vitumbua. Alipoinua pazia alimkuta mke wake wa miaka ishirini na miwili, mtu aliyemjua mpaka kidole kidogo cha mguu kilichopinda, amejifunika buibui gubigubi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Lilibaki jicho moja tu, na jicho lile halikuwa na mchezo.

"Shamsiya, mke wangu," alianza.

"Harusi, mwambie huyo bwana asiite watu kwa majina wasiyokuwa nayo."

"Baba, umesikia?"

"Nimesikia. Mwambie mama yako sikulala."

"Mama, anasema hakulala."

"Muulize aliamka saa ngapi."

Harusi aliifikisha salamu hiyo kwa uaminifu, akaongeza na kicheko ambacho hakikuwa sehemu ya salamu.

Jioni ile Mwalimu Uweso aliitwa kutoa fatwa. Alikaa sana, akala mikate miwili ya mofa, akajieleza. Jambo lilikuwa zito. Ikiwa Mzee Sleyum hakulala, hakuna neno. Ikiwa alilala, basi talaka zote tatu zingeweza kuwa zimepita kwa mkupuo, na Bi Shamsiya asingeweza kumrudia mpaka aolewe kwanza na mume mwingine, waishi kama mke na mume, kisha aachwe kwa hiari ya huyo mwingine. Mpaka ijulikane, wasikae chumba kimoja.

"Lakini wewe ulikuwa juu ya mimbari, mwalimu," alisema Mzee Sleyum. "Ulikuwa unanitazama. Sema basi. Nililala?"

Mwalimu Uweso alikitafuna kipande cha mwisho cha mkate kwa muda mrefu. Alikuwa amekesha siku nne na kitabu kipya. Khatibu anayetoa ushahidi kwamba msikilizaji wake alilala, anatoa ushahidi na juu ya khutba yake.

"Mimi natazama kitabu," alisema. "Nendeni Tanga, Mabawa, kwa Sheikh Mselem. Hukumu za ndoa amezikata tangu mimi sijaota ndevu."

Ikapangwa waende Tanga Jumatano. Mpaka siku hiyo ifike, Mzee Sleyum alihamia stoo, baina ya magunia ya maharage na madebe ya mafuta ya taa. Chai aliletewa na Harusi, na ilikuwa haina tangawizi. Alipoulizia, tarishi alirudi na jibu kwamba tangawizi ni ya waume za watu.

Lakini kilichomkata maini si chai. Alipotoka alfajiri ya kwanza kwenda kutawadha, alinyoosha mkono bila kutazama kwenye ngazi ya nyuma, mahali birika la maji ya vuguvugu lilipokuwa linakaa. Lilikuwepo, tupu. Miaka ishirini na miwili hakuwahi kujiuliza maji yale yanaingiaje. Alikuwa akiyakuta, akamshukuru Mungu, akatawadha. Sasa alisimama na birika mkononi, akatazama dirisha la chumba chake mwenyewe kama mtu aliyepotea njia, kisha akaenda kuteka maji ya baridi pipani.

Jumapili Idarusi aliacha cherehani, akamfuata dukani.

"Sleyum, sisi ni marafiki."

"Hilo mpaka Ijumaa nililiamini."

"Nimefikiri. Ikitokea, Mungu aepushe, talaka imepita, Bi Shamsiya atahitaji mume wa kupita naye njia. Sasa, kuliko mtu wa mbali, asiyejulikana tabia yake, si afadhali mtu wa hapa hapa barazani? Mimi sina mke. Nipo tayari kusaidia. Kwa ajili yako."

"Na baadaye utamwacha?"

Idarusi alifikiri juu ya vitumbua vya Bi Shamsiya. Mawazo hayo yalipita usoni mwake waziwazi, pamoja na sukari yake.

"Inshallah," alisema.

Kuanzia mchana ule cherehani ya Idarusi ilishona kanzu moja nyeupe, na vipimo vyake havikuwa vya mteja yeyote. Mzee Sleyum aliisikia mpaka ndani ya stoo, tiki tiki tiki, kila mshono ukimpita ubavuni.

Jumatatu, baada ya chakula cha mchana, aliamua kujifanyia uchunguzi. Alikaa sakafuni stoo, akaegemea gunia kama anavyoegemea nguzo, akafumba macho kwa nia safi ya kuona kama mtu wa namna yake anaweza kulala akiwa amekaa. Alipoyafumbua, aliona amekaa vile vile, hajapinduka, na akaridhika sana. Jambo moja tu lilimshangaza: kivuli cha mlango, kilichokuwa ndani ya kizingiti, sasa kilikuwa kimefika kwenye maharage, na mlangoni walikuwa wamekaa wanawake wanne wenye chupa za mafuta ya taa, wamechoka, mmoja ananyonyesha.

"Jua la siku hizi linakimbia," aliwaambia.

"Kweli, mzee," alijibu yule anayenyonyesha. "Nasi tumelisikia likikimbia."

Jumatano wakapanda basi la alfajiri. Bi Shamsiya alikaa mbele na Harusi, Mzee Sleyum nyuma na mashahidi wake, Idarusi na Safari, pamoja na kikapu cha machungwa ya kumpelekea sheikh. Kati yao, katika njia ya kupitia watu, lilikuwa sanduku la bati la rangi ya kijani, lenye maua. Mzee Sleyum alilijua. Ndilo aliloingia nalo Shamsiya nyumbani kwake siku ya harusi. Lilikuwa limefungwa kamba.

"Harusi," aliita, "hilo sanduku la nini?"

Jibu lilirudi kupitia abiria wawili, maana Harusi alikuwa mbali. "Mama anasema, sheikh akisema talaka imepita, yeye harudi Maramba. Anateremkia Usagara, pale pale mjini Tanga, kwa mjomba Nasoro. Hana haja ya kurudi kuchukua nguo."

Mpaka Tanga Mzee Sleyum alilitazama sanduku, na kila basi lilipotikisika na sanduku likasogea nusu shubiri kuelekea mlangoni, alinyoosha mguu akalirudisha.

Sheikh Mselem aliwapokea katika chumba chake cha mbele huko Mabawa, amekaa juu ya mkeka, vitabu mpaka darini. Macho yake yalikuwa yamechoka, hakuona vizuri zaidi ya urefu wa mkono, lakini chungwa alilitambua lilikotoka kwa kulinusa. Wanaume walikaa mkekani. Bi Shamsiya na Harusi walikaa chumba cha pili, pazia likiwa katikati, sanduku mlangoni.

Habari ikaelezwa mwanzo hadi mwisho. Sheikh alimenya chungwa.

"Shahidi wa kwanza. Ulimwona amelala?"

"Nilimsikia, sheikh," alisema Safari.

"Nimeuliza kuona."

"Nilikuwa safu ya pili. Niliona mgongo."

"Mgongo ulikuwaje?"

"Umetulia, sheikh. Kama gunia la maharage. Haukusogea hata kidogo."

"Basi sala yake haina neno," alisema sheikh. "Aliyelala makalio yameshika chini sawasawa, udhu haumtoki. Tumemaliza habari ya sala. Tumebakiwa na mke. Shahidi wa pili?"

"Kofia ilimwanguka, sheikh," alisema Idarusi. "Hakuiokota."

"Niliiacha kwa unyenyekevu," alisema Mzee Sleyum. Hapo ndipo lilipomjia wazo, na lilikuwa wazo zuri mno, wazo lililomfanya akae wima kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Sheikh, hawa wanabishana juu ya mgongo na kofia. Mimi nina ushahidi. Mtu aliyelala hawezi kujua kilichosemwa. Nipe ruhusa nikusomee khutba yote ya Ijumaa, neno kwa neno."

Sheikh aliacha kumenya. "Soma."

Mzee Sleyum akasoma. Alianza na hamdu, akaingia katika wasia wa kumcha Mungu, akapita ukurasa wa kwanza bila kujikwaa, akapita wa pili, ambao kwa hakika ndio aliousikia kidogo kuliko zote, lakini miaka kumi na moja inaweza kupenya hata kwenye masikio yaliyolala. Sauti yake ilikuwa tamu. Nyuma ya pazia Harusi aliacha kutafuna. Alipofika kwenye dua ya mwisho macho yake yalikuwa na machozi, kwa sababu alijiona amerudi nyumbani, birika limejaa.

Akamaliza. Hakuna aliyesema "Amina."

"Mghosi," alisema Safari, na mara hii hata yeye alijaribu kulizunguka jambo, akashindwa. "Hiyo ni ya zamani. Kile kitabu kimeliwa na mchwa. Ijumaa mwalimu alisoma mpya."

Mzee Sleyum alimtazama Idarusi. Idarusi alitazama mkeka.

"Na hiyo mpya ilihusu nini?" aliuliza sheikh.

"Aliifafanua kwa Kiswahili, sheikh, nikaielewa yote," alisema Safari. "Alisema wafanyabiashara wamche Mungu, waache kuapia talaka za wake zao barazani."

Sheikh Mselem alijiziba mdomo kwa ncha ya kilemba, akakohoa kikohozi kirefu kilichomtikisa mabega, na ambacho mgonjwa wa kifua angekionea wivu.

Idarusi akamsogelea Mzee Sleyum, akanong'ona, na katika maisha yake yote hilo ndilo jambo jema kuliko yote aliyowahi kumtendea mtu, ukizingatia kwamba kanzu ilikuwa tayari. "Sema umechanganya. Sema uliisikia ukaisahau. Mtu husahau. Nani atajua?"

Mzee Sleyum alilitazama lile sanduku la kijani mlangoni. Neno moja dogo lingelirudisha Maramba.

"Sikusahau, sheikh," alisema. "Sikuisikia. Kama mwalimu alisema hayo nami sikuyasikia, basi nililala. Nimelala, na mke wangu nimempoteza kwa kinywa changu."

Nyuma ya pazia, kamba ya sanduku ililia kidogo, kama mtu ameishika.

"Hukumu naitoa mimi," alisema sheikh. "Nijibu. Ulipoapa, ulijua kwamba umelala?"

"Wallahi, sheikh..."

"Usiape. Kuapa ndiko kulikokuleta."

"Sikujua."

"Hilo halitoshi kulisema wewe. Mtu aliyeapa kwa talaka juu ya jambo lililokwisha pita, akiamini moyoni kuwa anasema kweli, kisha ikabainika sivyo, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu talaka haipiti. Lakini aliyejua akaapa kwa ukaidi, imepita, na hana wa kumlaumu. Sasa nani anaweza kuniambia kama mtu huyu anajijua kuwa ni mkoromaji?"

Mashahidi wakatazamana. Wao hawakuwahi kumwambia mpaka Ijumaa ile, kwa sababu ya vitumbua.

"Yupo mmoja," alisema sheikh, akageuza uso kwenye pazia. "Mama, wewe umelala naye nyumba moja."

"Harusi," ilisikika sauti ya Bi Shamsiya, "mwambie sheikh..."

"Hapa hatuhitaji tarishi, mama. Sema mwenyewe, na useme kweli. Neno lako ndilo litakalofunga au kufungua."

Mzee Sleyum akafumba macho. Mara hii hakuna aliyeshuku kwamba amelala.

"Sheikh," alisema Bi Shamsiya, "usiku wa kwanza nilipoingia kwake niliamka nikadhani gari la mkonge limegonga ukuta. Asubuhi nikamwambia. Akacheka, akasema ni paka."

"Paka?"

"Paka akafa. Nikamwambia tena. Akasema ni mbuzi wa jirani. Mwaka vita vilipokwisha jirani akahama na mbuzi wake. Nikamwambia, akasema ni upepo kwenye mabati. Nyumba wakati huo ilikuwa ya makuti." Sauti ikasita kidogo. "Hajui, sheikh. Si mwongo. Miaka ishirini na miwili namwambia, na kila nikimwambia ananionea huruma, anasema mimi ndiye nisiyelala vizuri. Ananiletea asali. Hajui kabisa. Na hiyo ndiyo dhiki yangu."

"Mama," alisema sheikh, "dhiki yako imekuokolea ndoa. Talaka haikupita. Mke ni wako, bwana, na huyo paka Mungu amrehemu."

Mzee Sleyum alitaka kusema Alhamdulillahi, ikatoka sauti ambayo haimo katika lugha yoyote. Safari alimpiga mgongoni. Idarusi alisema "Alhamdulillahi" kwa niaba yake, nusu ya kwanza kwa furaha.

"Ila mimi nina sharti," alisema Bi Shamsiya.

"Hukumu imekwisha, mama."

"Sanduku langu halijafunguliwa, sheikh."

Sheikh alifikiri juu ya hoja hiyo, akaiona ina uzito. "Sema."

"Ile nguzo aiache. Akae katikati ya msikiti, pasipo kitu nyuma yake, ayasikie anayoambiwa."

"Sharti linapita," alisema sheikh, akachukua chungwa jingine.

Katika basi la kurudi, Bi Shamsiya alikaa nyuma. Hakusema na mumewe, lakini alikuwa amefunua uso, na walipofika njia ya Maramba alimwambia bila kupitia kwa mtu yeyote kwamba kola ya kanzu yake imejipinda. Mzee Sleyum aliiacha imepinda mpaka nyumbani, ili aambiwe tena.

Ijumaa iliyofuata alikaa safu ya tatu, katikati kabisa, mgongo umenyooka, macho wazi kama ya changu wa sokoni. Mwalimu Uweso alipanda mimbari, akamwona, akapata nguvu, akasoma kwa sauti ambayo haikuwahi kusikika Maramba. Alipofika ukurasa wa pili ikasikika pumzi moja ndefu. Kisha mluzi. Kisha mkoromo.

Vichwa vyote vikamgeukia Mzee Sleyum kwa mazoea. Mzee Sleyum hakupepesa hata ukope. Vichwa vikahama, vikaenda mpaka nguzo ya kushoto, ambako nafasi haikukaa wazi hata Ijumaa moja. Chini yake, katika kanzu mpya ambayo haikuvaliwa kwa kazi iliyoshonewa, amekaa Idarusi, kinywa wazi, ametulia.

"Mimi?" alisema Idarusi barazani. "Nilale? Nilikuwa nimeinama kwa mazingatio. Nawaambia, kama mimi nimelala..." Akasita, akatafuta mke wa kumwapia, akakumbuka hana, akachukua kahawa.

"Nimekuona kwa macho yangu mawili," alisema Mzee Sleyum, na alikuwa na furaha kiasi kwamba alisimama kabisa. "Wallahi, Idarusi, na kama nasema uongo, basi..."

Pazia la mlango wa ndani likatikisika, na upepo haukuwepo.

"Basi nitakuwa nimekosea," alimaliza Mzee Sleyum, akakaa.

"Baba Harusi," aliita Bi Shamsiya kutoka ndani. "Njoo uchukue vitumbua."

Aliinuka kwa haraka ambayo adhana yenyewe haikuwahi kuiona. Dukani alisimama mteja mmoja, mfuko mkononi, anangoja apimiwe sukari. Akaendelea kusimama.